Tiketi yasema saa saba kwenda, karibu saa ishirini na mbili kurudi: mama atakaa ndegeni muda gani hasa?

*Swali: Mtaalamu, mamangu ana miaka 71, anaishi Likoni. Mwezi wa Januari anakwenda New Jersey kumwona dadangu aliyejifungua. Tumepata tiketi ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi uwanja wa JFK, New York. Anaondoka Alhamisi 23:45, anafika Ijumaa 06:45. Hizo ni saa saba tu! Kurudi anaondoka 12:30 na kufika 10:20 ya siku ya pili, karibu saa ishirini na mbili. Nimesoma umbali ni kilomita 11,800 na kitu, na ndege hukimbia kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo nilitarajia saa 13 kwenda na 13 kurudi. Kaka yangu asema ni dunia inavyozunguka, ati ukienda magharibi New York inakuja kukulaki. Tena nimeifuatilia ndege hiyo kwenye simu nikaiona inapita Morocco, na ukiweka rula kwenye ramani njia iliyonyooka inapita Nigeria. Tunazungushwa? Kuna tiketi nyingine ya kupitia Dubai, nafuu kwa shilingi 38,000. Mama ana presha, humeza kidonge kila asubuhi, na miguu humvimba akikaa sana. Hajawahi kupanda ndege, Kiingereza hakijui, na yeye mwenyewe anauliza alfajiri itamkuta wapi. Tuchukue ipi?*

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa tiketi hiyo ya moja kwa moja, mama atakaa ndani ya ndege saa 15 akienda, na saa 14 kasoro dakika kumi akirudi. Tiketi haijakosea, na hesabu yako ya kutoa haina kasoro. Shida ni kwamba umetoa saa ya Nairobi kwenye saa ya New York. Tiketi huandika saa ya ukutani ya kila uwanja pale pale ulipo, na miji hiyo miwili haisomi saa moja.

Kenya iko saa 3 mbele ya Greenwich mwaka mzima. New York, Januari, iko saa 5 nyuma yake. Tofauti ni saa 8. Kwa hiyo mama akitua 06:45 asubuhi ya Ijumaa, simu yako hapo Likoni itasoma 14:45, saa nane na dakika arobaini na tano mchana. Hesabu kutoka 23:45 ya Alhamisi hadi hapo, utapata saa 15 kamili. Kurudi fanya vivyo hivyo: 12:30 ya New York ni 20:30 ya Kenya, na kutoka hapo hadi 10:20 ya siku ya pili ni saa 13 na dakika 50. Ukitaka usichanganyikiwe tena, geuza saa zote mbili ziwe za Kenya kwanza, ndipo utoe.

Jambo moja la kuangalia. Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo tofauti yetu na New York ni saa 7, si 8. Mama akivutwa na mjukuu akakaa hadi Machi au Aprili, soma upya saa za kurudi, kwa sababu ratiba ya ndege pia huweza kusogezwa wakati huo. Wengi huwahi au huchelewa kumpokea mtu Nairobi kwa sababu hiyo tu.

Sasa umbali. Kilomita 11,800 na kitu ni sahihi. Mimi nikipima kwa latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe napata takriban 11,840. Hicho ndicho kipimo kifupi kabisa juu ya uso wa dunia kutoka Embakasi hadi JFK, na njia yake haipiti Nigeria. Ramani uliyowekea rula imechorwa kwenye karatasi bapa, na dunia si bapa. Mchoraji ramani hana budi kuitandua dunia, na akiitandua huzivuta nchi za kaskazini na kusini zikawa pana kuliko zilivyo. Mstari ulionyooka juu ya karatasi hiyo ukiurudisha kwenye dunia ya mviringo unakuwa ndio uliopinda.

Mtafute mwalimu wa jiografia mwenye tufe la dunia, uchukue uzi, ushike ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uuvute ukaze. Hutauona Nigeria. Utaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, utavuka Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini, utapita Chad na Niger, utaikata Algeria kwa mshazari, utatokea Morocco karibu na Marrakech, kisha baharini moja kwa moja juu ya visiwa vya Azores vya Ureno, na mwisho utaingia New York kwa upande wa kisiwa cha Nantucket. Kwa hiyo uliyoyaona kwenye simu ndiyo njia ya mkato. Ile ya rula, inayopita Nigeria, Burkina Faso, Mali na kutokea pwani ya Mauritania, ingekuwa ndefu kwa kilomita 350 hivi.

Hata hivyo ndege haifuati uzi huo kikamilifu. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa katika chumba ambamo njia huchorwa na mafuta hukadiriwa kabla rubani hajafika, na naweza kukuhakikishia kwamba njia ya leo si lazima iwe ya kesho. Kuna anga zilizofungwa: ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipozuka, na ya Niger ilifungwa kwa wiki kadhaa mwaka huo huo baada ya mapinduzi ya Julai. Kuna radi, kuna msongamano, na juu ya yote kuna upepo. Karatasi anayopewa rubani huorodhesha kila kituo cha njiani, upepo wa hapo unatoka wapi na kwa kasi gani, na mafuta yanayopaswa kuwa yamebaki akifika. Kwa safari kama hii si ajabu njia ikarefuka kwa kilomita mia mbili au tatu, na mara nyingine njia hiyo ndefu ndiyo inayowahi kufika.

Nadharia ya kaka yako naijua, na haiko kwake peke yake. Ni kweli dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege iliyoegeshwa Nairobi tayari iko ndani ya mwendo huo kabla haijawasha injini. Ikipaa haiachani nao. Kama ingekuwa anavyosema, helikopta ingepaa Nyali, ikasimama hewani nusu saa, na ikishuka ingejikuta maili mia tano kutoka ilipoondokea. Zaidi ya hayo, nadharia yake ingefanya safari ya kwenda magharibi iwe fupi, na umeona sasa kwamba hiyo ndiyo ndefu.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili: jahazi la kwenda Lamu haliendi sawa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, nje ya ukanda wa joto, kuna mikondo ya upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa au zaidi, na wakati mwingine huvuka 300. Inatokana na tofauti ya joto kati ya kaskazini baridi na nchi za joto, ikichangiwa na kule kuzunguka kwa dunia, kwa hiyo kaka yako alikaribia ukweli kwa mlango wa nyuma. Tofauti hiyo ya joto huwa kubwa zaidi wakati wa baridi yao, na Januari ni katikati ya baridi yao. Sehemu ya kwanza ya safari, juu ya Afrika ya kati, upepo huwa mdogo. Mama akifika Sahara na kisha Atlantiki, ndipo ndege inakuta mbisho, yaani upepo wa usoni.

Tuseme njia ya siku hiyo ni kilomita 12,100. Ndege hukimbia 900 ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe inarudi nyuma kwa wastani wa 40, basi juu ya ardhi inasogea 860 tu. Hizo ni saa 14. Kurudi, hewa ile ile inamsukuma: 940 kwa saa, saa 13 kasoro. Dakika zinazobaki zinatoka ardhini. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka getini na kuisha inaposimama getini kule, haujali magurudumu yameacha lami saa ngapi. Kujivuta hadi njia ya kurukia, foleni, kupanda taratibu ikiwa nzito, kupangiwa zamu ya kutua, yote yamo, na mashirika huongeza dakika chache za tahadhari. Kwa hiyo usishangae rubani akitangaza "muda wetu hewani ni saa kumi na nne", na usishangae wakifika mapema kwa nusu saa. JFK, ndege zikiwa nyingi mchana, foleni ya kupaa peke yake inaweza kula nusu saa.

Kwa nini iondoke usiku wa manane kiasi hicho? Sababu moja ni ya kibiashara, abiria wafike New York asubuhi wapate ndege za miji mingine. Nyingine ni ya kifizikia, na naipenda zaidi. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la mchana huzidi kuwa nyepesi, mabawa yakakosa cha kushika na injini zikapungua nguvu. Ndege inayofanya safari hii, Boeing 787-8, ikijazwa matangi yote hubeba karibu tani 100 za mafuta, na uzito wake wa juu kabisa wa kupaa ni tani 228 hivi. Safari ndefu kama hii inataka sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa hiyo kuipaisha kutoka mlimani kunataka hewa baridi na njia ndefu ya kukimbilia. Addis Ababa, uwanja uko zaidi ya mita 2,300, na tatizo hilo ni kubwa zaidi. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi na New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa hiyo ni njia iliyokwisha kuzoeleka. Sina la kukutisha nalo.

Kabla sijafika kwenye Dubai, neno kuhusu hiyo programu unayofuatilia nayo kwenye simu. Usiku wa safari utaona kitu kitakachokunyima usingizi nisipokuambia mapema: alama ya ndege itaganda, au itaruka, au itapotea kabisa, hasa juu ya Sahara na katikati ya bahari. Programu hizo hutegemea vipokezi vilivyo ardhini, vinavyonasa mawimbi yanayotumwa na ndege, na kipokezi kimoja hufika kilomita mia nne hivi. Jangwani vipokezi ni vichache, baharini havipo, basi mtandao hukisia. Marubani wakati huo wanawasiliana na waongozaji wa anga kwa redio za masafa marefu na kwa setilaiti. Alama ikipotea karibu na Algeria, weka simu chini ulale. Itarudi.

Dubai sasa. Shilingi 38,000 si pesa ya kuchezea, lakini angalia zinanunua nini. Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,550 hivi, saa tano za kukaa. Dubai hadi New York ni kilomita 11,000, saa 14 hivi. Soma tena nambari hiyo ya pili: kipande cha Dubai kwenda New York peke yake kinakaribia safari yote ya Nairobi kwenda New York. Unampeleka mama kaskazini-mashariki, unambadilisha ndege katika uwanja mkubwa kupita kiasi, kisha unamkalisha saa zile zile ulizotaka kumwepusha nazo, na saa tano za ziada juu yake. Ukiweka na muda wa kungoja, safari inapita saa 22 kwa urahisi.

Kama lengo ni kuikata safari ili miguu ipumzike, Ghuba si mahali pa kuikatia. Anayetaka kuikata vizuri hupitia Ulaya. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,650, Amsterdam hadi New York 5,850; vipande viwili vinavyokaribiana, kila kimoja saa nane au tisa, na jumla yake inazidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita mia saba tu. Hiyo ni safari ya busara kwa mtu anayejua kusoma vibao vya uwanjani na kukimbia kidogo. Kwa mama ambaye hajawahi kupanda ndege na lugha ya vibao haijui, Januari, theluji ikiweza kuchelewesha ndege ya kwanza na kumkosesha ya pili, mimi nisingemtuma peke yake. Akiwa na mwenzake, sawa.

Msimamo wangu basi: lipeni hiyo tofauti, apande moja kwa moja. Apande Nairobi akiagwa na watoto wake, ashuke New York akilakiwa na mtoto wake. Kama fedha hazitoshi kabisa na ni lazima kuunganisha, mambo mawili msiyafanyie mchezo. Tiketi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho, si mbili zilizonunuliwa mbali mbali, maana kwa tiketi moja shirika ndilo linalobeba mzigo wa kumtafutia ndege nyingine akichelewa. Na tazameni tarehe kwa makini ndege ikiondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema Ijumaa 00:40, uwanjani mnatakiwa Alhamisi usiku. Nimeona familia nzima ikifika na masanduku na mkoba wa mahamri siku moja baada ya ndege kuondoka, na hakuna aliyekuwa mjinga pale. Walisoma tu "Ijumaa usiku" kama tunavyoisema nyumbani.

Lakini hizo saa 15 si safari ya mama, ni sehemu yake. Yeye anaanzia kwenye feri ya Likoni. Akichukua treni ya SGR, ni saa tano au sita hadi Syokimau, kituo cha Nairobi, na ukihesabu kutoka nyumbani hadi kituo cha Miritini na kungoja, ni siku nzima. Kisha uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Kisha New York kuna uhamiaji, mizigo, na gari hadi New Jersey. Jumla yake inaweza kuvuka saa 30 mlango hadi mlango. Ushauri wangu ni aende Nairobi siku moja kabla, alale kwa jamaa, Alhamisi apumzike mchana. Mtu wa miaka 71 anayeingia ndegeni akiwa tayari amechoka anaanza safari akiwa nusu yake.

Kuhusu alfajiri, swali la mama ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linaingia kwenye kiini cha jambo. Ndege inakwenda magharibi, inalikimbia jua. Jua litakuwa limetua Nairobi kabla ya saa moja jioni, na New York Januari huchomoza baada ya 07:00 kwa saa zao, ambayo ni baada ya 15:00 kwetu. Usiku wake huo utakuwa na zaidi ya saa 20, na safari karibu yote itakuwa gizani. Simu yake ikiadhini alfajiri ya Mombasa, saa kumi na moja na dakika chache, yeye atakuwa juu ya jangwa la kusini mwa Algeria na nje ni giza totoro. Alfajiri ya pale alipo itaingia mwishoni, kadiri ya saa moja kabla ya kutua. Mimi si shekhe: namna ya kuswali kitini, udhu na kibla, amuulize shekhe wake kabla ya kuondoka. Ninachoweza kumsaidia ni hiki: asiifuate simu, aombe kiti cha dirishani au amwombe mhudumu amwambie weupe unapoanza kuonekana.

Saa hizo hizo zinagusa kidonge cha presha, na hapa ndipo ningetaka usome taratibu. Tuseme humeza saa moja asubuhi. Akimeza Alhamisi saa moja asubuhi Nairobi, kisha akangoja saa moja asubuhi ya Ijumaa New York, hatakuwa amekaa saa 24 bila dawa, bali saa 32. Kurudi ni kinyume: saa moja asubuhi ya kule na saa moja asubuhi ya Kenya siku ya pili zimetenganishwa na saa 16 tu. Kuna dawa ambazo pengo hilo si kitu, na kuna ambazo ni kitu. Daktari wake au mfamasia ndiye wa kusema ameze saa ngapi siku ya safari, wala msipange wenyewe. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, zisiwekwe kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Miguu nayo. Kuvimba kidogo kwenye vifundo baada ya kukaa ni jambo la kawaida na huisha. Kinachoogopewa ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi ukiwa umekaa, lakini yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Umri, unene, upasuaji wa karibuni au kuwahi kuganda damu huipandisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa tiketi, mpelekeni kwa daktari amwangalie miguu na presha, aamue kama anahitaji soksi za kubana na za saizi gani. Msimnunulie tu dukani, wala msimpe aspirini kwa sababu jirani alipewa. Ndani ya ndege achague kiti cha pembeni mwa njia kama hilo la dirisha halimkai moyoni, ainuke kila saa moja au mbili, achezeshe vifundo akiwa amekaa, na anywe maji hata kama anaona haya kwenda msalani. Wazee wetu wengi huacha kunywa maji kwa haya hiyo tu.

Hewa ya ndani isiwatie hofu. Ndege ya aina hii hujazwa hewa hadi kiwango cha mahali palipo mita 1,800 hivi, ambayo ni sawa na kukaa Nakuru. Kama mama huenda Nairobi na Nakuru bila kuhema, hilo limekwisha. Ila akipata maumivu ya kifua, kuhema ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine, iwe ndani ya ndege au wiki kadhaa baada ya kufika, hapo ni hospitali mara moja, si kukanda kwa mafuta ya nazi.

Mambo madogo ya mwisho. Piga simu kwa shirika angalau siku mbili kabla, uombe kiti cha magurudumu kwa ajili yake, Nairobi na JFK. Hakilipiwi, na wala si aibu: anayekisukuma ndiye atakayempeleka mama hadi uhamiaji na mizigoni, jambo ambalo kwa asiyejua Kiingereza lina thamani kuliko kiti chenyewe. Mpe karatasi yenye jina la dadako, anwani na nambari ya simu kwa Kiingereza, na mwambie akiulizwa asilolielewa aseme "Swahili" asubiri mkalimani, asiitikie tu kwa kichwa. Nyama na maembe mabichi aviache Likoni; mabuyu na viungo vikavu atangaze kwenye forodha hata kama ni pakiti ndogo, kwa sababu faini inatokana na kuficha. Na dadako aelewe kwamba ni JFK, si Newark iliyo karibu naye, na kwamba kati ya ndege kutua na mama kutokea mlangoni, saa moja na nusu ni kawaida.